UZI: Sabuni, kunguru na miaka mitatu ya kusoma afya ya jamii (kwa mnaoomba vyuo mwaka huu)

BintiKilombero (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Kila ukifika msimu wa kuomba vyuo nakutana na maswali yaleyale humu: afya ya jamii ina ajira? Ni kozi ya waliokosa udaktari? Unasoma nini hasa miaka yote hiyo, kunawa mikono? Hilo la mwisho liliniuma nilipolisoma juzi, ndiyo maana nimekaa kuandika. Nimemaliza mwaka wa tatu, nasubiri matokeo. Uzi ni mrefu, anayechoka apumzike kisha arudi.

Nianzie kijijini, maana huko ndiko nilikoelewa ninachosoma.

Mwaka wa pili tulipelekwa fildi wiki sita. Kijiji sitakitaja. Tulikuwa sita, tuna dodoso la kurasa 11, na swali moja lilihusu kibuyu chirizi. Kwa wasiokijua: ni dumu la lita tano limening'inizwa kwenye mti karibu na choo, lina tundu, kamba na kijiti chini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika mikononi bila wewe kulishika. Pembeni panakuwa na kipande cha sabuni. Mimi nilipita kaya 41. Karibu zote zilikuwa na dumu, kwa sababu kuna mradi ulishapita. Sabuni niliikuta kwenye kaya nne.

Jioni tukajumlisha, tukaandika kama tulivyozoea: uelewa wa jamii ni mdogo, tunapendekeza elimu itolewe.

Siku ya kuwasilisha mbele ya serikali ya kijiji, mama mmoja wa kamati ya zahanati alinyoosha mkono. Akasema, "Wanangu, sabuni tunaijua. Sabuni inachukuliwa na kunguru." Watu wakacheka, na sisi tukacheka. Yeye hakucheka. Kikao kilipoisha akatuambia twende kwake.

Alitoa mche wa sabuni ndani, akakata kipande kwa uzi, ukubwa wa kiberiti, akakiweka kwenye kigae karibu na dumu. Akatuketisha barazani kwenye mkeka, akaendelea kuchambua mchicha wake. Haikupita nusu saa. Kunguru alitua juu ya mti wa dumu, akageuza kichwa huku na huku, akashuka, akadonoa mara mbili kana kwamba anapima uzito, akaruka na kipande chote hadi mnazini. Mama hakuinua hata macho. Akasema, "Hicho ni mia mbili. Nihesabieni kwa wiki."

Kwa hiyo sabuni anaiweka kwenye kopo, ndani. Akienda shamba anafunga mlango kwa kufuli. Watoto wakitoka choo wanakanyaga kijiti, wanajimwagia maji matupu, wanaondoka. Na hayo maji yenyewe ni miezi ya masika tu. Kiangazi pampu ya kijiji ikiharibika, maji yanakuja kwa baiskeli, ndoo kwa ndoo, na hakuna mama atakayeacha ndoo ya kununua ichirizike chini.

Kesho yake tulirudi kaya zote tukiwa na swali moja tu: kwa nini hapa hapana sabuni? Kunguru. Mvua inaiyeyusha. Watoto wa jirani wanaichezea. Hela ya sabuni ni ya kufulia sare kwanza. Hakuna hata mmoja aliyesema hakujua. Nilirudi na lile dodoso nikaona aibu, maana kurasa zote 11 zilikuwa zinapima wanachojua, na sisi ndio tuliokuwa hatujui.

Darasani nilikuwa nimeshakariri Mkataba wa Ottawa wa 1986, ule wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kukuza afya, kwa ajili ya mtihani. Mkataba ule ulitaja maeneo matano ya kazi: kujenga sera zinazojali afya, kuweka mazingira yanayomwezesha mtu, kuimarisha nguvu ya jamii yenyewe, kukuza stadi za mtu binafsi, na kuzielekeza upya huduma za afya. Hesabuni wenyewe. Elimu kwa mtu binafsi ni eneo moja kati ya matano. Sisi kwa Kiswahili chetu cha maofisini tumezoea kuita kazi yote "elimu ya afya kwa umma", na nadhani jina hilo limetuponza. Ukishaiita elimu, kila tatizo linageuka ujinga wa mtu, na dawa yake inakuwa semina.

Ninyi mnaotaka kusoma kozi hii, nawaomba mjue hili kabla ya kufika. Kazi yako ni kutafuta kinachomzuia mtu anayejua tayari, kisha kukifuatilia kizuizi hicho hadi kwenye meza kinakoamuliwa.

Tatizo la sabuni tulilimaliza palepale. Kijana mmoja wa kijijini alitoboa sabuni, akapitisha kamba, akaining'iniza chini ya kifuu cha nazi kilichofunikwa kama mwavuli. Kunguru hapati pa kutua, mvua haifiki. Wiki iliyofuata nilivihesabu vifuu 17, na hatukuwa tumemwambia mtu yeyote atundike.

Pampu haikuwa rahisi hivyo. Wiki mbili za mwisho niliomba kukaa halmashauri nione mpango wa afya unavyoandikwa. Fungu la uhamasishaji wa usafi lilikuwepo: posho, mafuta ya gari, vipeperushi. Kipuri cha pampu hakikuwepo, kwa sababu pampu ni ya watu wa maji, na watu wa maji hawamo kwenye kikao cha afya. Huyu anapanga kuwafundisha watu kunawa, yule anapanga maji, na hawajawahi kukaa chumba kimoja. Hapo ndipo somo la sera, nililokuwa nalisinzia mwaka wa kwanza, lilipoamka mbele yangu.

Niwape mifano miwili ya sera ili mwone inavyoweza kuokoa watu wengi kwa mpigo mmoja.

Wa kwanza ni chumvi. Nyanda za juu kusini rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, lilikuwa jambo la kawaida kwa watu, kwa sababu udongo na chakula vilipungukiwa madini joto. Katika miaka ya 1990 ikawekwa kanuni kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto. Mama wa kule hakuhitaji kuhudhuria kikao. Alinunua chumvi kama siku zote, na mtoto wake akapata alichokosa.

Wa pili ni Rufiji, na huu naupenda zaidi. Kuanzia 1996 wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini zilikuwa na mradi ulioitwa TEHIP. Watu walipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani amekufa na aliugua vipi, kwa kuwa wengi walikuwa wakifia nyumbani na hospitali haikuwa na habari zao. Takwimu zile zilipolinganishwa na bajeti, ikaonekana malaria inabeba karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali mwaka 1996 ilikuwa inapata kama asilimia 5 ya fedha za afya. Wilaya zikapewa nyongeza ndogo, chini ya dola moja kwa mtu kwa mwaka, pamoja na zana za kupanga kulingana na kinachoua watu wao. Ndani ya miaka kama mitano vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Mimi niliposoma hayo nilifunga daftari nikatoka nje kutembea. Kuna watoto wako hai leo kwa sababu mtu aliihamisha fedha kutoka mstari huu kwenda mstari ule.

Karibuni maswali. Nitajibu nikipata nafasi, leo umeme unasumbua.

---

Mtahiniwa_CBG

Dada, asante sana. Nimemaliza kidato cha sita CBG (kemia, biolojia, jiografia), nina daraja la pili. Nyumbani wanataka uuguzi au ualimu. Mimi kozi hii naipenda tangu nilipoona wahudumu wa afya wakija mtaani kwetu wakati wa kipindupindu cha 2015. Maswali yangu: hesabu ni nyingi? Inaitwaje kwenye mwongozo, maana nikitafuta "afya ya jamii" nakuta majina mengi? Na ajira usinifiche.

---

Zamu_ya_Usiku

Mdogo wangu umeandika vizuri, lakini ngoja nikuambie ya upande wetu. Niko wodi ya watoto mwaka wa 14 huu. Mtoto analetwa ana degedege, siku ya tatu, ameshafukizwa moshi, ameshapelekwa kwa mganga, macho yamegeuka. Ukimuuliza mama, kituo cha afya kiko wapi? Kilomita mbili. Malaria unaijua? Naijua. Dawa ni bure kwa mtoto chini ya miaka 5, unajua? Najua. Sasa huyo naye amezuiwa na kunguru? Kuna kina mama nimewafumba macho watoto wao kwa mkono huu. Usiniambie elimu si tatizo.

---

BintiKilombero

Dada Zamu, pole, na shikamoo kwa kazi hiyo. Sitaki kukubishia juu ya watoto uliowaona wewe. Ila mfano ulioutoa ndio uliosomwa kwa undani hapa kwetu Bagamoyo, miaka ya 1990, na matokeo yake yalinibadilisha.

Watafiti walitaka kujua watu wanaziitaje homa. Wakakuta mama anaijua "homa ya malaria" vizuri: mwili kuchemka, kutetemeka, kuumwa kichwa, na tiba yake ni dawa ya hospitali. Lakini degedege kwake lilikuwa ugonjwa mwingine kabisa. Halikuwa malaria iliyozidi. Lilikuwa na asili yake, linahusishwa na ndege na mambo ya shetani, na kulikuwa na hofu kubwa kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Sasa vaa kanga ya huyo mama. Amefundishwa miaka yote kwamba malaria ni ya hospitali. Amekubali. Mtoto akianza kustuka anaona hii si malaria, na huko hospitali watamchoma sindano. Anampeleka kwa anayejua degedege. Kwa kile alichokuwa nacho kichwani, amefanya uamuzi wa mama anayempenda mwanawe.

Mabango yetu yalikuwa yanasema "malaria inaua" na hayakulitaja degedege hata kidogo. Ujumbe ulifika, ila ulifika kwa ugonjwa usiokuwa huo. Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba palihitajika maneno. Ila kabla ya maneno palihitajika mtu wa kukaa na kusikiliza.

---

Zamu_ya_Usiku

Hili la sindano nimelisikia kwa masikio yangu mara nyingi na sikuwahi kuliunganisha hivyo. Bibi mmoja alinishika mkono kabisa: "Mwanangu usimchome kwanza, litoke kwanza." Nilimgombeza. Nikikumbuka sasa, alikuwa ananiomba nimwokoe mjukuu wake kwa namna aliyoijua.

Bado nina shaka na hizi wiki sita zenu za fildi. Nani atakaa kusikiliza wakati zamu ina wauguzi wawili?

---

Mstaafu62

Wanangu, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimesoma uzi huu wote kwa miwani yangu na nimefurahi kuona vijana wanaandika mambo ya maana.

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka 11. Ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Baba alikuwa kiongozi wa kikundi kwa sababu alijua kusoma. Mara moja kwa wiki, kwa wiki 12, watu walikaa chini ya mwembe wetu na redio ya Philips ya mbao iliyofunikwa kitambaa alichokidarizi mama. Kipindi kikianza hakuna aliyekohoa. Kikiisha, baba anasoma sura ya kitabu, halafu watu wanajadili. Kilichonikaa mimi ni mwisho wa kikao. Hakikufungwa hadi wamekubaliana kitu cha kufanya kabla ya wiki ijayo. Wiki hii tunafukia madimbwi ya kisimani. Wiki hii nyumba ya fulani, ambaye ni mjane, tunamchimbia choo. Na wiki inayofuata baba anaanza kwa kuuliza: kilichimbwa? Nchi nzima walishiriki watu kama milioni mbili, na vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu.

Lakini niwaambie na upande wa pili, maana binti amezungumzia kutokuwa chumba kimoja. Choo chetu baba alikichimba futi kumi na mbili, akakiezeka vizuri. Mwaka uliofuata ikaja Operesheni ya Vijiji, tukahamishwa. Choo kikabaki porini. Kule tulikohamia tulianza na vichaka upya, na baba hakuwa tena na nguvu za mwaka ule. Aliitikia wito wa afya na aliitikia wito wa kuhama, yote kwa moyo mmoja, na huu ukaufuta ule.

---

BintiKilombero

Shikamoo mzee. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Mtu ni Afya tunafundishwa kwa aya moja, "kampeni ya redio iliyofanikiwa", na mtu angedhani redio ndiyo iliyochimba vyoo. Hilo swali la baba yako, "kilichimbwa?", sijalikuta kwenye vitini vyetu. Naomba ruhusa nilitumie nikipata nafasi ya kuzungumza na wadogo zangu wa mwaka wa kwanza.

Lina ndugu yake Iringa. Kuanzia 1983 kulikuwa na mpango wa lishe ambapo watoto walipimwa uzito kijijini, mizani ikiwa inaonekana na kila mtu, na majibu yakapelekwa serikali ya kijiji. Kijiji kikauliza: kwa nini watoto hawa wako chini? Mmoja mama yake anashinda shamba na hakuna wa kumlisha mchana. Mwingine anaharisha kila wiki. Mwingine baba ameuza mahindi yote. Kila jibu likaelekea mahali pake. Utapiamlo mkali ulishuka sana katika miaka ile, na ule mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza mwaka 1990, unaofundishwa vyuo vya dunia nzima, umetokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Iringa. Mhadhiri wetu aliuonyesha ukutani kama kitu kilichotoka New York. Nikanyoosha mkono nikasema huu ni wa nyumbani.

---

MhamasishajiPwani

Hamjambo nyote. Mie ni wa pwani ya Kenya, ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahamasishaji 100,000 tukapewa mikoba: mashine ya presha, ya sukari, kipima joto, mizani, na simu ya kuandikia. Mimi nina nyumba kama mia moja nazozizungukia.

Nataka niwaambie nyie mnaosoma chuoni kitu kimoja. Hizo nyumba mia nazijua. Najua nani anampiga mkewe, nani amerudi kutoka Saudia na hajatoka nje wiki mbili, nani dawa za presha anazigawa na dadake kwa kuwa hela ya wawili haipo. Simu niliyopewa haina mahali pa kuandika hayo. Ina mahali pa kuandika presha 160 kwa 100. Nikiandika hiyo, yule mama anarekodiwa kuwa hatumii dawa vizuri. Na marupurupu yetu ni shilingi elfu tano kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kaunti, na nusu moja ikichelewa nazunguka kwa miguu bila nauli. Mkifika mahali pa kutunga hizo fomu, mtukumbuke.

---

Zamu_ya_Usiku

Hilo la kugawana dawa limenichoma. Tunawaandikia "hafuati dozi" na tunageuza ukurasa.

---

BintiKilombero

Dada wa Pwani, asante, na nimelinakili hilo la fomu. Huku kwetu Januari 2024 ulizinduliwa mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kufikia 137,294 katika miaka mitano, wakisomea miezi sita. Nauombea mema sana. Hofu yangu ni hiyohiyo yako: tusije tukamtuma mtu nyumba kwa nyumba akabebe ujumbe kwenda tu, na wa kurudi asiwe na mkoba wa kuubebea. Dada Zamu aliuliza nani atakaa kusikiliza. Nadhani ni wewe, ukipewa fomu yenye nafasi na mtu wa kuisoma.

Sasa mdogo wangu Mtahiniwa, nimekuweka sana.

Majina: kozi hizi hazina jina moja, na hilo huwapoteza wengi. Muhimbili kuna Sayansi ya Afya ya Mazingira, ambayo ndiyo njia ya kuwa afisa afya, yule tuliyekuwa tunamwita bwana afya. Mzumbe kuna Usimamizi wa Mifumo ya Afya, inayoelekea zaidi kwenye mipango, fedha na uongozi. Afya ya jamii yenyewe kama umahiri wengi huisoma ngazi ya uzamili, baada ya udaktari, uuguzi, ualimu hata sosholojia. Kwa hiyo ukienda uuguzi kama wanavyotaka nyumbani hujafungiwa mlango. Vigezo vya masomo na alama soma kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu, usitegemee alichokuambia mtu wa mwaka jana, mimi nikiwemo.

Hesabu: zipo. Takwimu utazisoma kila mwaka, na epidemiolojia, somo la jinsi magonjwa yanavyoenea kwa watu, haina huruma. Lakini ni hesabu zenye watu ndani yake. Ile asilimia 30 na ile 5 za Rufiji ni hesabu ya darasa la sita, ugumu ulikuwa ni kuzipata hizo namba na kuwa na ujasiri wa kuziweka kwenye ukurasa mmoja.

Ajira: nafasi za serikali hutangazwa kwa vipindi na waombaji ni wengi. Miradi ipo, mikataba yake ni mifupi, na fedha ya mfadhili ikikatika unarudi nyumbani. Wenzangu wawili waliotutangulia wanauza vifaa vya usafi, mmoja yuko kiwandani kwenye usalama wa wafanyakazi, mmoja amerudi kusoma. Ukienda njia ya mazingira, ujue kuna usajili kwenye baraza la wataalamu kabla ya kufanya kazi. Kama nyumbani mnategemea mshahara wako mwaka wa kwanza tu baada ya chuo, keti na wazazi mzungumze kwa uwazi, uuguzi unaweza kuwa salama zaidi kwenu. Nakuambia hivi nikiwa naipenda kozi yangu.

Na ukija, fildi usiende kujaza dodoso tu. Siku ya kwanza usiulize kitu. Kaa barazani uchambue mchicha na mwenye nyumba.

---

Mtahiniwa_CBG

Asante dada. Nimemsomea mama yangu habari ya kunguru, akasema na sisi tulivyokuwa Mkuranga ilikuwa hivyohivyo. Tumezungumza mpaka saa nne usiku. Bado hajakubali ila ameniuliza ada.

---

MtuWaMipango

Nimekuwa msomaji tu tangu asubuhi. Niko idara ya mipango halmashauri fulani, miaka tisa sasa. Alichosema Binti kuhusu kipuri cha pampu ni kweli na sitakitetea. Ila ngoja niwaeleze kinavyotokea ili mwenye kijiji chake ajue pa kugonga.

Mwaka wa fedha unaanza Julai Mosi. Mtu akija ofisini kwangu Mei na malalamiko, hata yawe ya kweli namna gani, nimeshafunga. Mipango inatakiwa itoke vijijini miezi mingi kabla, ipite kata, ije kwetu, ipimwe na ukomo wa bajeti, ndipo madiwani wapitishe. Tatizo la kwanza: vijiji vingi vinaleta karatasi ya mwaka jana imebadilishwa tarehe. La pili, kijiji kinapoandika "tunaomba maji", siwezi kufanya lolote na sentensi hiyo. Nikiletewa "pampu imesimama tangu mwezi fulani, kinachohitajika ni kipuri hiki, bei yake hii, kaya 212 zinanunua maji, na zahanati iliandikisha watoto wa kuhara idadi hii kabla na hii baada ya pampu kusimama", hiyo naiingiza kikaoni na ninaitetea. Daftari la kuhara liko kwa mganga mfawidhi. Daftari la maji liko kwa jumuiya ya watumia maji. Hayajawahi kufunguliwa kwenye meza moja, na hakuna sheria inayozuia yafunguliwe.

Binti, kama una mawasiliano na yule mama wa kamati, mwambie hivyo. Karatasi moja, siyo kitabu. Na iwe na muhuri wa kijiji na muhtasari wa kikao, bila muhtasari itarudishwa mlangoni.

---

Mstaafu62

Kilichimbwa?

---

BintiKilombero

Mzee, bado. Ila nimempigia simu yule mama leo jioni baada ya kusoma aliyoandika MtuWaMipango. Alikuwa anatoka kwenye kisima cha zamani, kile cha bondeni. Nikamsomea sentensi ile neno kwa neno, akanirudisha nyuma mara mbili kwenye "kabla na baada". Akasema mganga mfawidhi ni mtu mwema, daftari atalifungua. Bei ya kipuri fundi wa baiskeli anaijua kwa sababu ndiye aliyeing'oa pampu. Idadi ya kaya balozi wa nyumba kumi anayo.

Kikao cha kijiji ni Jumamosi. Amesema ajenda ataiomba yeye mwenyewe. Nitaleta mrejesho hapahapa.